Pombe, Mchu na Machubwi ya Mjomba

(Hotuba kwa vikundi vya bustani za mjini na wapanda mikoko, Mombasa)

Assalaam aleikum. Hamjambo nyote. Mama zangu mliowahi viti vya mbele, wazee wangu, na nyinyi vijana wa mikoko mliosimama mlangoni kwa kuwa viti vimekwisha, nashukuru kwa kuniita. Barua ya mwaliko iliniomba nizungumze nusu saa, kwa lugha ya kueleweka, kuhusu mimea inayosafisha sumu ya metali. Nusu saa nitaipita kidogo, mnisamehe mapema. Lugha nitajitahidi. Hilo neno la kusafisha ndilo nitakalolibishia, na njia fupi ya kulibishia ni kuanza na bibi yangu.

Mjomba, Mungu amrehemu, alikuwa mvuvi wa Mtongwe. Nyavu zinataka machubwi, vile vizito vya risasi vya kuzizamisha, na machubwi ya dukani yalikuwa ghali, basi akawa anayatengeneza mwenyewe. Hununua betri za magari zilizokufa, akazipasua kwa nyundo, asidi akaimwaga palepale uani, na yale mabamba ya ndani akayatia kwenye sufuria kuukuu juu ya moto wa vifuu. Risasi huyeyuka kwa nyuzi 327 tu. Moto wa vifuu unaiweza bila taabu. Kazi yetu sisi watoto ilikuwa kutoboa vishimo mchangani kwa kidole gumba, yeye akitufuata nyuma na upawa, anamimina. Ikipoa tunachimbua. Naukumbuka ule uzito kiganjani: kitu kidogo mfano wa kokwa ya tende, lakini kinavuta mkono chini. Siku ya kwanza kinang'aa kama fedha, siku ya tatu kimekuwa kijivu. Ule uchafu ulioelea juu ya sufuria aliukung'uta chini ya mwembe.

Na chini ya mwembe huohuo bibi alikuwa na tuta lake la mchicha.

Siku moja jirani yetu, mwalimu, akamwambia, "Mama, hapo pana sumu, usipande mboga." Bibi hakubishana. Akamshika mkono, akampeleka hadi kwenye tuta. Mchicha umefika magotini, majani mapana, hata tundu la mdudu huoni. "Ingekuwa sumu," akasema, "huu ungekuwa hai?" Mwalimu akanyamaza. Mimi nilikuwa nimesimama pale na kopo la maji mkononi, na jibu sikulipata mpaka nilipokuwa mtu mzima. Bibi hayupo tena, lakini wajukuu zake bado wanalima, na naona humu ndani wako wengi wanaolima kwa hoja ileile ya bibi.

Msidhani nazungumzia mambo yaliyopitwa na wakati. Ya Owino Uhuru, hapo Mikindani, mnayajua. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwekwa ubavuni mwa nyumba za watu mwaka 2007, kikaja kufungwa 2014, na watoto damu zao zimeshaingia risasi. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira hapa Mombasa iliamua wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Rufaa ikaupindua uamuzi, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurudisha. Shirika la Afya Duniani halitaji kiwango chochote cha risasi kwenye damu ambacho ni salama. Hayo ni ya wanasheria na madaktari, nayaachia hapo. Mimi nashughulika na mchicha.

Taka za mgomba huoza. Mafuta ya taa yakimwagika, vijidudu vya udongoni huyala polepole mpaka yakaisha. Risasi haiozi, hailiwi, haichomeki ikaisha. Petroli yenye risasi iliachwa katika nchi zetu hizi za kusini mwa Sahara ilipofika Januari 2006, lakini ile iliyokwisha kutoka kwenye ekzosi kabla ya hapo haikwenda popote; sehemu yake kubwa ingali kandokando ya barabara. Mmea unaokutana na kitu cha namna hiyo hauna uwezo wa kukiua. Unachoweza ni kuchagua mahali pa kukiweka. Nataka mtoke hapa na swali hilo tu: huu mmea, ile metali umeiweka wapi?

Tuanze mlangoni. Mzizi unahitaji chuma, zinki, shaba, manganizi, hata nikeli chembe kidogo sana. Kwa hiyo ngozi ya mzizi ina milango ya kuingizia madini hayo, protini zilizokaa kama vilango vya uani, kila kimoja na wateja wake. Tatizo ni kwamba mabawabu wa milango hii hawaoni vizuri. Kadimiamu, metali ya sumu ambayo mmea hauna kazi nayo, hupita mlango wa chuma au wa zinki kwa kufanana nao. Tena udongo ukipungukiwa na chuma, mmea kwa njaa yake huongeza milango ya chuma, na kadimiamu hupata nafasi zaidi. Aseniki, sumu nyingine ya udongoni, ya namna moja hujifanya fosfati, kirutubisho cha mmea, ikaingia. Ya namna nyingine, ile inayopatikana penye matope yasiyo na hewa, hupita mlango wa silika, yale madini ya mchanga, na mpunga una milango mingi ya silika kwa sababu ndiyo inayolifanya bua lake lisimame. Ndiyo sababu ukisikia habari za aseniki kwenye chakula, wali hautakosa kutajwa. Sisemi muache pilau.

Risasi, ile ya mjomba, ni nzito wa miguu. Ikiufikia mzizi, nyingi hunasa kwenye kuta za seli za nje, zenye utomvu ule unaogandisha jemu, ikang'ang'ania hapo. Inayoendelea ndani hukutana na kizuizi kingine. Kabla ya kuufikia mfereji unaopandisha maji majanini, kuna mzunguko wa seli zilizofungwa kwa ukanda mgumu usiopitisha maji, unaoitwa ukanda wa Caspary kwa jina la mtaalamu wa mimea wa Ujerumani aliyeuchunguza karne ya 19. Kitu hakipiti katikati ya seli hizo. Lazima kiingie ndani ya seli yenyewe, kikaguliwe. Risasi nyingi huishia hapo. Ukipima mmea uliokulia kwenye udongo wa risasi, mara nyingi sana mzizi una nyingi na jani lina kidogo.

Basi bibi alikuwa na nusu ya haki. Mchicha haukufa kwa sababu uliifungia risasi mizizini. Lakini uchafu wa sufuria ulikuwa vumbi, na vumbi halihitaji mlango. Lilikaa juu ya jani. Mvua ikinyesha tope lilirukia majani ya chini, na sisi tukichuma kwa mikono ileile iliyochimbua machubwi, huku tunakula embe. Mmea ulifanya kazi yake. Tulioila risasi ni sisi, na haikupitia kwenye mmea.

Iko mimea inayofanya kinyume kabisa. Mwaka 1981 Alan Baker aliipanga mimea kwa jinsi inavyokabiliana na metali: ipo inayozuia, ipo ambayo jani lake huonyesha tu kiasi kilichomo udongoni, na ipo inayolimbikiza. Hii ya mwisho ni ya ajabu. Huko New Caledonia, kisiwa cha Pasifiki, kuna mti ambao ukiukata unatoka utomvu wa rangi ya buluu iliyochanganyika na kijani. Ukaushe utomvu huo, na robo ya uzito wake yaweza kuwa nikeli. Watafiti waliuelezea mwaka 1976, na tangu hapo mimea limbikizi iliyotambuliwa imepita 700, mingi ikiwa ya nikeli. Mwaka 2001 ikatangazwa kangaga mmoja, Pteris vittata, aliyekutwa Florida kwenye uwanja wa kutia mbao dawa, anayejaza aseniki kwenye majani yake na bado anastawi. Yeye hupenda kuta kuukuu za chokaa.

Karibu na kwetu, kwa wenzetu wa Katanga wanaosema Kiswahili chao, liko ua dogo la jamii ya mrehani, Haumaniastrum katangense, linaloitwa ua la shaba. Humea penye shaba nyingi hata majani mengine yakimbie. Watafuta madini walilifuata. Wanaakiolojia nao wakalifuata, maana huota pia kwenye viwanja ambavyo watu wa zamani waliyeyushia shaba karne nyingi zilizopita. Mimi hapo huwa nakumbuka chini ya mwembe wetu. Moto umezimika, mafundi wamekufa, na udongo bado unawataja.

Kwa nini mmea ujaze sumu majanini? Maelezo yenye nguvu zaidi ni kwamba mdudu akitafuna jani la namna hiyo hujuta.

Sasa nifike kwenye sehemu ninayoipenda. Wazee wa dini mnivumilie, nitataja pombe.

Mwaka 1893 mtaalamu wa Kijerumani, Paul Lindner, alichunguza masimbi ya pombe ya mtama iliyotoka Afrika Mashariki. Akakuta humo hamira ya aina yake, ambayo haizai kwa kuchipua kijichipukizi kama hamira ya mahamri. Hujirefusha kisha hukatika katikati, vipande viwili sawasawa. Akaipa jina kwa lugha ya watu waliokuwa wakiinywa: Schizosaccharomyces pombe. Neno letu hilo, pombe, liko kwenye maabara za dunia nzima, na mtafiti wa Tokyo hulitaja kila siku bila kujua kuwa bibi zetu walilipikia mtungi. Mwingereza Paul Nurse alishiriki Nobeli ya tiba mwaka 2001 kutokana na hamira hiyo, katika mambo ya kugawanyika kwa seli. Sisi tunafuata jambo jingine.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 watafiti wa Japani waliilisha hamira hii kadimiamu. Ilipaswa kufa. Haikufa. Walipoifungua wakakuta ndani kadimiamu imefungwa kwa vinyororo vifupi vya protini ambavyo vilikuwa havijulikani, wakaviita kadistini. Mwaka 1985 kundi la Munich, wakina Grill na Zenk, wakakuta vinyororo vilevile kwenye seli za mimea, wakavipa jina la fitokelatini. Kumbe mchicha na hamira ya mtama wanatumia kamba moja.

Kamba hiyo imesokotwa kwa vitu vitatu tu, na kilicho muhimu ni kimoja, sisteini, kwa sababu kinabeba salfa. Salfa na metali hizi hawaachani. Mama mwenye bangili za fedha anajua: ziache kabatini, zinaingia weusi. Kula yai la kuchemsha kwa kijiko cha fedha, kijiko kinakuwa cheusi. Ni salfa imeishika fedha. Seli inautumia ushikaji uleule. Inaunga sisteini kadhaa kwenye kamba moja, kamba inajizungusha kwenye kadimiamu, na kadimiamu iliyoviringwa hivyo haina tena nafasi ya kuharibu kazi za seli.

Angalieni uhodari wa mpango huu. Kimeng'enya kinachosokota kamba kipo ndani ya seli muda wote, kimelala. Kinachokiamsha ni metali yenyewe inapoingia. Mwizi ndiye anayempigia mlinzi kengele. Halafu mzigo uliokwisha kufungwa unapelekwa kwenye mfuko wa maji ulio ndani ya seli, vakuoli, mbali na shughuli zote. Kwenye hamira ya pombe wamelijua hata lango la mfuko huo, na hamira isiyo na lango hilo hufa kwa kadimiamu kidogo tu. Mle ndani huongezwa salfa zaidi mpaka kunatokea vijifuwele vya kadimiamu na salfa, vidogo kupita kiasi, kitu kilekile ambacho wachora picha walikitumia kama rangi ya njano.

Haya yote yana gharama. Kamba inasokotwa kwa kitu ambacho seli inakihitaji pia kwa kujikinga na madhara mengine, kwa hiyo mmea unaofunga metali usiku na mchana hudumaa. Mchicha wa bibi usingefika magotini kama risasi ingekuwa inamiminika hadi majanini. Niongeze kwamba wale walimbikizaji wakubwa wa nikeli hawategemei kamba hii. Wao huishika kwa asidi za kawaida, kama ile ya ndimu, na kwa histidini, ambayo ni mojawapo ya matofali ya protini. Kila mmoja na kabati lake.

Kuvu. Nimeambiwa watu wengi hapa wakisikia kuvu wanawaza mkate ulioota ukungu. Wazeni pia nyuzi nyembamba kuliko unywele zinazoishi na mizizi. Mimea mingi ya nchi kavu ina kuvu wa mizizini, na ndoa hiyo ina zaidi ya miaka milioni 400. Kuvu huuletea mmea fosfati, mmea humlipa sukari. Kwenye udongo wenye metali, nyuzi hizo huwa ngome ya nje: kuta zao zina kitini, kile kilichojenga gamba la kaa, na nyingine zina melanini, rangi ya nywele zetu, na vyote viwili hushika metali kwa nguvu. Inayoshikwa na uzi wa kuvu haifiki mzizini.

Ujanja mwingine wa kuvu ni asidi ya oksaliki, ileile inayokwaruza meno ukila mchicha mbichi. Nguzo za stima zilizotiwa dawa ya kijani mmeziona. Ukijani ule ni wa shaba, na shaba imewekwa ili kuua kuvu wanaokula mti. Baadhi yao huimwagia oksaliki, shaba inageuka kijiwe kisichoyeyuka, kisha wanaendelea na chakula chao. Na huko Dundee, Uskoti, mwaka 2012 ilionyeshwa kwamba kuvu wanaweza kugeuza risasi tupu, ya chuma chake, ikawa pairomofaiti, jiwe la risasi na fosfati lililo gumu kuyeyuka kuliko mengine ya risasi. Chubwi la mjomba likizikwa na kuvu wanaofaa lingepata ganda la namna hiyo. Halitaondoka, lakini litatulia.

Uyoga wa porini uliootea jaani au kando ya karakana, mwacheni. Baadhi ya uyoga wa jamii zinazoliwa ni mashuhuri kwa kukusanya kadimiamu. Unaoulima mwenyewe utakuwa safi kama mabua uliyoupandia, si zaidi ya hapo.

Sasa vijana wa mikoko. Nilipitisha matawi ya mchu, mti wa jamii ya mikoko, mlipokuwa mnaingia. Nimeyakata asubuhi Mtwapa, sikuyachuma Makupa palipokuwa na jaa, tulieni. Kila mtu achukue jani lake, aliguse kwa ncha ya ulimi. Mmeona? Chumvi. Mkiliinamishia mwangani mtaona punje zinameremeta. Mchu una tezi kwenye majani za kutolea chumvi, na watafiti wa Australia waliochunguza mti huuhuu walikuta kwamba udongo ukiwa na zinki na shaba nyingi, kiasi fulani hutoka kwa tezi hizohizo. Lile jani litaanguka, kaa atalivuta shimoni mwake alitafune. Kwa hiyo hata mchu haukuitupa nje ya dunia. Umeihamisha kutoka kwake hadi kwa kaa.

Kazi kubwa ya mikoko iko chini. Huu hapa ni mzizi mdogo wa mkoko, nimeukwaruza tope jeusi. Mnaona hii rangi ya kutu iliyouzunguka? Tope la mikokoni halina hewa, na mkoko hushusha hewa kupitia mizizi yake ya juu hadi ya chini; nyingine huvuja. Chuma kilichomo topeni kikikutana na hewa hiyo kinashika kutu papo hapo, na ile kutu inakuwa koti la mzizi. Koti hilo hunasa risasi, zinki, aseniki. Pembeni, penye tope jeusi linalonuka yai viza, kuna salfaidi, yaani salfa ya mahali pasipo hewa, na hiyo huishika shaba na risasi na kadimiamu na kuzifanya mawe madogo yasiyoyeyuka. Tope la mikoko ya hori zetu za Tudor na Port Reitz limekuwa likipokea ya kwetu kwa miaka mingi: maji ya mitaro, karakana, na jaa la Kibarani lililokaa muda mrefu ukingoni mwa Makupa kabla halijafungwa. Limeyashika.

Hapo ndipo ningeomba mnisikilize kuliko pote. Linayashika kwa sharti moja, lisiingie hewa. Mtu akikata mikoko, au akichimbua tope na kulianika juu, salfaidi ile huungana na hewa ikawa asidi, na metali zilizolala zinaamka zote pamoja. Ukihesabu miche iliyopandwa, hesabu pia tope ambalo halikufukuliwa. Mimi ningeona afadhali mkoko mmoja mzee ulioachwa mahali pake kuliko picha ishirini za viongozi wameshika miche.

Nimefika kwenye alizeti. Kila mwaka huja mtu na mradi: tupande alizeti, au haradali ya Kihindi, penye risasi, zinyonye, tuvune, udongo usafike. Leteni kalamu. Hekta moja ya udongo, kina cha sentimita 20, ina uzito wa tani 2,600 hivi. Tuseme kila kilo ina gramu moja ya risasi, kiasi ambacho penye kiwanda si cha kushangaza. Hiyo ni tani 2.6 za risasi. Alizeti yako imestawi, umevuna tani 10 za majani makavu, na kila kilo ina miligramu 100 za risasi, ambazo kwa mmea wa kawaida ni nyingi mno. Umeondoa kilo moja. Mwaka ujao kilo nyingine. Kuondoa tani moja kutakuchukua miaka elfu, bila ukame na bila mbuzi.

Kwa nikeli hesabu hubadilika. Huko Albania mmea limbikizi umelimwa ukatoa karibu kilo 100 za nikeli kwa hekta, hata ikawa ni namna ya kuchimba madini. Risasi haina mmea wa namna hiyo wa kutegemewa. Wapo waliomwaga udongoni dawa ya kuilegeza risasi ili ipande majanini, na kweli ikapanda. Lakini ile ambayo mzizi haukuiwahi ilishuka na maji. Katika mji ambao nyumba nyingi zinategemea kisima, dawa hiyo mimi siitaki hata jirani.

Na alizeti yenyewe ikishavunwa inawekwa wapi? Swali letu lilelile. Ukiichoma, risasi iko kwenye moshi na majivu. Ukiitupa, mbuzi wa Mombasa mnawajua, wanakula boksi la biskuti na lebo yake, wataacha alizeti?

Nitakachofanya mimi penye udongo wa shaka ni cha kawaida, hakina picha nzuri. Nitafunika udongo kwa nyasi zenye mizizi mingi ili vumbi lisiruke. Nitatia chokaa, kwa kuwa asidi ya betri huichacharisha metali na chokaa huituliza, na nitatia mbolea ya fosfati au unga wa mifupa ili risasi ipate mwenzake wa kushikana naye. Mboga nitapanda kwenye magunia ya udongo ulioletwa kutoka pengine, gunia limekaa juu ya matofali. Nikilazimika kupanda chini nitachagua bamia, nyanya, biringani, maana tunda ndilo linalofikiwa na metali kidogo zaidi. Majani yanafuata, na viazi na karoti ni vya kuwekwa mbali. Nitaosha mboga maji mawili, la kwanza lina siki. Kuosha kunatoa vumbi la risasi. Kadimiamu iliyo ndani ya jani hakuna siki itakayoitoa. Na mtoto anayetambaa ni wa kuangaliwa kuliko mchicha, kwa sababu yeye huweka mkono mdomoni siku nzima.

Nina karatasi moja ya swali imeletwa hapa mbele, mwandiko wa mama mmoja wa kikundi cha bustani. Anauliza: "Ule mwembe wa mjomba wako uko? Na maembe yake mnayafanya nini?"

Upo, mama. Ni ngowe, na mwaka huu umezaa hata matawi yameinama. Tuliujazia shina udongo mpya na nyasi, na mke wangu amepiga marufuku ufagio mkavu pale chini. Mwezi uliopita mwanangu mdogo alichimbua chubwi moja, hili hapa, nimelitia kwenye kichupa cha dawa, mtaliona mkipita lakini msifungue kifuniko. Maembe tunayala. Tunayaangua kwa upondo, tunayaosha, tunayamenya. Lililoanguka lenyewe hatuliokoti.